Forodhani, kila anayeshuka lazima atozwe

Mwaka jana nlipanda boti na mwanangu wa kiume, ana miaka 9, kazaliwa Temeke na kakulia Temeke, Unguja alikuwa hajawahi kukanyaga, na jioni ya kwanza tu nikampeleka Forodhani, ile bustani ya pwani ya Mji Mkongwe, kama marehemu bibi alivyokuwa akinipeleka mie. Nimevaa kapelo na kaptura, begi mgongoni, nafikiri hapo ndo nilipokosea. Maana kabla sijafika hata meza ya kwanza kijana mmoja mwenye kofia ndefu nyeupe ya mpishi keshanishika bega, "teni dola maifrendi, oktopasi, lobsta, veri freshi". Nikamwangalia. Nikamwambia yakhe, mie mtoto wa Michenzani, pweza n'ngapi? Akacheka mpaka akaweka koleo chini. "Aa kumbe mwenyeji, tusameheane ami, lete elfu 8."

Mwanangu hakuridhika. Akaniuliza mbona bei imeshuka ghafla hivo, kwani pweza kapungua? Nikamwambia hapa ndo kazi yake tangu zamani, umelisikia jina? Forodhani. Forodha ni pale mzigo unaposhushwa chomboni na mwenyewe hautii mkononi mpaka alipe ushuru, na enzi hizo ushuru ulikwenda na umebeba nini, umetoka nacho wapi, na wewe mwenyewe ni nani, pembe ya ndovu iliyotoka Unyamwezi ililipiwa tofauti na bidhaa ya Mzungu iliyokuja na mkataba wake. Kwahio yule kijana hajavunja mila yoyote, kanikagua, kakosea paspoti, kasahihisha.

Nlisema kwa utani lakini usiku ule sikulala vizuri nikiliwaza, maana mie nimekaa pale utoto wangu wote na sikuwahi kulitafakari hilo jina, ni kama mtu anayeitwa Juma, nani anakaa kuwaza siku ya Ijumaa.

Palipo na majani na mabenchi leo, karne ya 19 palikuwa pwani ya kazi kweli kweli. Karafuu, pembe, sandarusi, ngozi, vyote vikishushwa na kupandishwa hapa, na watu pia, maana watumwa waliokuja na vyombo kutoka Kilwa walihesabiwa na kulipiwa ushuru kwa kichwa kama gunia jengine lolote, mpaka 1873 Sultani, Sayyid Barghash, alipobanwa na Waingereza akatia saini kuifunga biashara ile. Wageni wanaotembezwa mjini habari hio wanapewa kule Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, wanapiga picha wananuna kidogo halafu jioni wanakuja kula pweza. Hakuna anayewaambia kuwa mlango ulikuwa huku. Na sisi wenyewe hatusemi, tuseme ukweli.

Masultani nao hawakuwa wakikaa na daftari. Forodha waliikodisha, yaani anayeitaka anamlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka halafu yeye ndo anakusanya na kinachozidi chake. Kampuni ya Jairam Shivji iliishika miaka mingi sana, halafu 1876 ikenda kwa Tharia Topan, na huyu mtu alama yake unaiona kwa macho. Ukitoka Forodhani ukafata pwani kuelekea bandarini, ukaipita Kasri ya Sultani na ule Mti Mkubwa uliopandwa 1911 ambao mafundi wa vyombo wamekaa kivulini mwake maisha yao yote, utaona jumba la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwachongwa utadhani lesi ya kitambaa cha meza. Hio ndo Dispensari ya zamani. Topan aliweka jiwe la msingi 1887, iwe hospitali, akafa 1891 haijesha, ikamalizika 1894. Jumba zuri kuliko yote ya pwani ile kwa maoni yangu, na lipo mwendo wa dakika 5 tu kutoka pale mwenyewe alipokuwa akikusanya ushuru.

Nyuma ya bustani kuna Ngome Kongwe, ule ukuta wa kahawia wenye meno juu. Waomani waliijenga baada ya kumtoa Mreno mwaka 1698, juu ya palipokuwa na kanisa la Wareno, na toka hapo imefanyishwa kila kazi kama mtoto wa kati. Imekuwa jela. Imekuwa karakana ya reli, ndio, Unguja ilikuwa na treni, ilianza 1905, ikitoka hapo Ngomeni kwenda Bububu maili 7, na kwenye njia zile zile ambazo saivi bodaboda mbili zikikutana lazima mmoja arudi nyuma. Halafu ikawa kilabu ya kina mama kucheza tenisi. Leo ni jukwaa, tamasha la muziki la Sauti za Busara lipo humo kila Februari tangu 2004, isipokuwa 2016 tu. Mie katika umri wangu wa skuli sikuwahi kukata tiketi hata siku moja na sikukosa hata mwaka mmoja, tulikuwa tunakaa bustanini tumeegemea miti, muziki unaruka ukuta unatufata, wenye vitambulisho shingoni wanaingia na kutoka, na sisi tunaijua kila bendi kwa sauti ila hatuijui hata moja kwa sura. Hapo napo forodha, usinieleze mie.

Sasa Beit al-Ajaib.

Nimelizunguka hili kwa makusudi maana sipendi kuliandika. Mwanangu nlimuahidi kwenye boti, nikamwambia tukikaribia tu utaona jumba jeupe kubwa lenye nguzo na mnara wa saa, hilo ndo litakuambia tumefika, mie nikiwa mdogo nikitoka Dar nlikuwa nasimama nje kwenye upepo nikilisubiri. Boti ikakaribia. Tukaona vyuma vya mafundi na mabati.

Sayyid Barghash alilijenga 1883, halikuwa la kuishi, lilikuwa la kuonyesha. Likatiwa umeme na lifti wakati Afrika Mashariki nzima hakuna aliyewahi kuviona, ndo maana watu wakaliita jumba la maajabu. Likaponea 1896, ile vita ya tarehe 27 Agosti ambayo kila mtalii anaijua kwa sababu ilikwisha kwa dakika kama 38 na inachekesha kuisimulia, lakini ukiwa umekaa Forodhani haichekeshi sana, maana makombora yaliangukia hapo hapo ulipokaa na upande wa Sultani walikufa na kujeruhiwa kama watu 500. Khalid bin Barghash alikuwa keshajitia kwenye kiti cha usultani bila ruhusa ya Waingereza, akapewa mpaka saa 3 asubuhi, hakutoka, wakapiga. Beit al-Hukm iliyokuwa katikati ikaangamia kabisa. Mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika, na jengo la Maajabu likaja likavikwa ule mnara wa saa tunaoujua. Na meli ya Sultani, Glasgow, ikazama pale pale mbele, milingoti yake ikabaki imechomoza majini mpaka 1912. Miaka 16! Yaani kuna watoto walizaliwa, wakakua, wakatahiriwa, na kila jioni wakipunga upepo wanaiona milingoti ile na kwao ni kitu cha kawaida tu kama boya.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 chama cha Afro-Shirazi wakalichukua likawa skuli ya chama, na baadae sana likawa makumbusho, na hapo ndo nlipoingia mie, tulipelekwa na skuli, mistari miwili, kila mtu kashika mkono wa mwenzake. Nakumbuka mlango, si mlango ule, ni ukuta uliochongwa. Na nakumbuka ukumbi wa katikati ambao umewazi mpaka juu, mmewekwa mtepe, chombo kizima, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi hamna msumari hata mmoja. Mwalimu akasema babu zenu walikwenda na hichi mpaka Arabuni. Rafiki yangu akapitisha kidole kwenye tundu la kamba ili ajue kama kweli hamna msumari, akazabwa kofi.

Tarehe 25 Disemba 2020 mie nipo Temeke, simu ikaanza kulia na haikunyamaza. Kwanza video ya vumbi tu, huelewi, halafu picha, sehemu kubwa ya mbele imelala chini na mnara wa saa haupo. Lilikuwa kwenye ukarabati, watu 2 wakafa. Nikampigia shangazi, yeye kazaliwa mjini na hakuwahi kuhama zaidi ya kuvuka Darajani. Akapokea, akakaa kimya, halafu akasema, "Mwanangu, nyumba imekaa chini." Ikawa ndo basi, hakuongeza neno mpaka salio langu likaisha.

Jengo la chokaa na mawe ya pwani na maboriti, ukanda wa bahari, mvua ya masika ikiingia juu, kila mtu alijua linaumwa. Ripoti sijui ngapi. Mie sina la kuongeza hapo zaidi ya kwamba mtu ukimsifia sana uzuri wake mwisho unasahau kumuuliza kama amekula.

Basi tukashuka, tukaweka mizigo kwa shangazi, jioni tukenda.

Bustani yenyewe ni ya 1936, Sayyid Khalifa bin Harub alitimiza miaka 25 kitini ikajengwa ya sherehe, kwa Kiingereza ikaitwa Jubilee, na kikawekwa kibanda cha bendi. Bibi alikuwa mtoto mdogo. Alikuwa akisimulia kuwa walikuwa wanatoka Ng'ambo na mama yao, buibui moja wamejificha wawili, wanakuja kusikiliza matarumbeta, na nlipomuuliza hilo jina la Jubilee akasema "hilo la kwenye barua, sisi tulikuwa tunakwenda Forodhani". Halafu kuna kisa cha tao. Mwaka 1956 Princess Margaret alikuwa anakuja, ikajengwa pwani pale sehemu ya kushukia na tao jeupe la zege ili apite kwa heshima zote. Akashukia bandarini. Mgeni pekee katika historia, nadhani, aliyefanikiwa kuikwepa forodha.

Mwaka 2008 wakapazungushia uzio, wafadhili wa Aga Khan wakapakarabati, pakafunguliwa tena Julai 2009. Ukuta wa bahari ukajengwa upya, taa, njia za mawe, mifereji ya maji machafu ambayo kabla yake bora tusiiongelee tukiwa tunakula. Mie ni katika walionung'unika, nlikuwa kijana na kijana lazima anung'unike. Nlitaka karabai zangu. Zamani kila mchuuzi alikuwa na karabai yake mezani, ule mwanga mweupe unaovuma, ukikaa ngazi za mbali unaona kama vyombo vinavua usiku, halafu moshi wa mkaa unapita katikati. Taa za umeme hazina moshi wala mvumo. Ila usafi umekuja, siwezi kukataa, na mama mwenye mtoto mchanga sasa anakaa kwenye majani bila kwanza kupiga teke kuangalia kuna nini.

Kitu ambacho ukarabati haukukigusa, na mola asaidie kisiguswe, ni makachu. Maji yakijaa, hasa ya bamvua, kuanzia alasiri vijana wanajipanga upande wa pili wa njia, wamevua mashati, mmoja anapiga kelele "njiaaa!", watu wanajibana, anakuja mbio miguu pekupeku kwenye mawe, anakanyaga ukingo wa ukuta kwa mguu mmoja tu, anaruka juu, na hapo juu kila mmoja ana yake. Yuko anayekunja magoti akajizungusha mara mbili. Yuko anayekwenda chali kama kalala kitandani, mikono kichwani, halafu nukta ya mwisho anajikunja anaingia kichwa mbele. Tulimuona mmoja alikuja na baskeli mbovu isiyo na breki, baskeli ikenda kulia yeye kushoto, na kwanza alizamia kutafuta baskeli ndo akaja kuchukua sifa zake. Mwanangu alikuwa kafumba mdomo kwa mikono miwili. Wageni wanarekodi, na baadhi ya vijana siku hizi baada ya kuruka wanapita na mkono umenyooshwa, kidogo kidogo, ili nao wapate chao, na sioni kwa nini wasipate, kila mtu pale anatoza isipokuwa wao ndo wanaohatarisha shingo.

Mwanangu akaniuliza baba nawe ulikuwa unaruka? Nikamwambia nlikuwa. Sikuwahi. Nlisimama ukingoni mara tatu maishani mwangu na mara zote tatu nikashuka kwa ngazi.

Magharibi ikaadhiniwa, maji yakaanza kupwa, vijana wakavaa, na upande wa meza moto ukakolea. Sasa hapa niwaambie kitu nyinyi mnaokuja kwa siku mbili. Ile wanayoiita pizza ya Zanzibar kaleni, ni mkate wa nyama tu uliosafiri ukarudi na jina la Kizungu, donge linavutwa mpaka unaona mkono upande wa pili, kima, yai, kitunguu, linakunjwa kama bahasha, siku hizi wanatia na chokoleti na ndizi Mungu atusamehe. Juisi ya miwa kunyweni, na ndimu na kipande cha tangawizi kinapitishwa kwenye mashine pamoja na muwa, usikubali iliyokamuliwa zamani. Samaki waliopangwa mezani wakimulikwa na mataa ulizeni wamelala hapo tangu lini. Lakini kama mnataka kujua mchuuzi huyu anajua kazi au hajui, nendeni kwenye urojo.

Nlisimama kwa mama mmoja pembeni, hana kofia ya mpishi, ana kanga tu na sufuria. Ule mchuzi ni maji, unga wa ngano kidogo, manjano, na uchachu, mwengine anatia ukwaju mwengine embe mbichi, na hapo ndo siri, ukiwa mzito ni uji, ukiwa mwepesi ni maji ya manjano. Yeye alichota akauangusha kutoka juu kidogo ili tuuone unavyodondoka. Akaweka viazi vilivyochemshwa, akavunja kachori kwa mkono isikatwe na kisu, bajia mbili, mishkaki akaichomoa kwa kijiko, akamimina, halafu chatne ya nazi, halafu chipsi za muhogo juu kabisa zisije zikalowana, na mwisho akamuangalia mwanangu usoni kabla hajashika chupa ya pilipili. "Huyu wa bara?" Nikasema wangu, lakini wa bara. Akamtilia tone moja. Mie akanitilia bila kuniuliza.

Tukenda kukaa ukutani na mabakuli yetu, miguu inaning'inia upande wa bahari. Kwa ufupi ukuta ule unavyokaliwa, bila mtu kupanga, iko hivi: upande wa Shangani wachumba, wamekaa umbali ambao mtu akipita anaweza kusema hawajuani. Katikati familia na mabuibui na watoto wanaodondosha ndala majini. Upande wa Mizingani wazee, na muuza kahawa na dele lake, na mabishano. Nlipokuwa mdogo mabishano makubwa ya siasa yalikuwa Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa mjini ndani, na bado yapo, ila wazee wa ukutani wao wanabishana vitu ambavyo havina mshindi, kama meli ile ni ya nani na inakwenda wapi. Ukija Ramadhani baada ya tarawehe utaona mji mzima umehamia hapo, huwezi kupata hata shubiri ya kukalia. Na hapo ukutani hakuna aliyewahi kunitoza. Nimekaa na vitabu vya mtihani, nimekaa siku bibi alipozikwa, nimekaa nikiwa na shilingi mia mfukoni na nikiwa sina, na aliyekuja kunisogelea kataka nisogee tu naye akae.

Mwanangu kamaliza bakuli, analamba kijiko, anaangalia vyuma vya Beit al-Ajaib vinavyomulikwa na taa. Akaniuliza wakimaliza kujenga litakuwa lile lile? Nikamwambia kula. Akasema nimeshamaliza.

Tulirudi kwa miguu, tukakata vichochoro vya Kiponda, tukatokea Darajani, tukavuka. Shangazi alikuwa macho, hakwenda kulala, na siku hizi magoti hayamruhusu kufika Forodhani kwahio nlimbebea urojo kwenye kopo na kachori mbali zisivunjike. Akaonja kijiko kimoja. Akafumba macho.

"Ndimu nyingi," akasema, "huyu unga haukumuiva akauficha kwa ndimu."

Akaendelea kula mpaka akakwangua kopo.

"Kakutoza ngapi?"

Nikapunguza elfu moja, nikamtajia.

"Ghali," akasema. "Kakuona kofia hiyo."